Kuwaingiza vijana kwenye mchezo wa ndege za mfano, Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyakusanya kiwanjani. Mengine yametoka kwa wazee wanaowasubiri watoto wao chini ya mti, mengine kwa walimu wa skuli, mengine kwa vijana wenyewe, na machache kwa watu wazima wanaotaka kuanzisha kikundi kwao shamba au Pemba. Tumeanza na ya mwanzo kabisa, na mwishoni tumeweka yale yanayotokea mara moja moja. Jibu likiwa limeshatolewa pengine, tumekuelekeza huko.

## Mambo ya mwanzo

Ndege za mfano ni nini hasa? Si ndizo hizo droni?

Ni ndege ndogo zinazoruka kweli. Zinabebwa na mabawa yake kama ile kubwa inayotua kiwanja cha ndege cha Kisauni, ila hazina mtu ndani. Ziko za kurusha kwa mkono, za kufyatua kwa mpira, na za mota zinazoongozwa kwa rimoti. Ya mkono ikishatoka kiganjani haina wa kuiongoza: ulivyoitengeneza ndivyo itakavyoruka, na ndiyo maana inafundisha kuliko zote.

Droni ya pangaboi nne inashikwa hewani na kompyuta iliyomo ndani yake, kwa hiyo ukiachia vijiti vya rimoti inabaki inaning'inia palepale. Ndege ya mabawa haikusubiri. Hata hivyo ukoo ni mmoja. Mwaka 2016 ulipoanza mradi wa Zanzibar Mapping Initiative wa kuvipiga picha visiwa vyetu kutoka angani kwa ajili ya ramani, Kamisheni ya Ardhi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na vijana wa hapahapa wakajifunza kurusha. Ndege waliyotumia, eBee, ni bawa la foamu lenye upana wa sentimita 96 na uzito usiofika kilo moja. Mimi huwaeleza watoto habari hiyo wakiwa wameshika vipande vyao vya foamu mkononi, na huwa wanavitazama upya.

Mtoto aanze na umri gani?

Kurusha kwa mkono, hata miaka sita au saba. Kukata kwa kisu, tunasubiri afike kama kumi, na mkubwa awe amekaa ubavuni. Rimoti haina umri maalumu. Tunaangalia kama anaweza kusubiri zamu yake na kama akiambiwa "tua" anatua.

Wakituambia mtoto wa miaka saba hataelewa, tunawakumbusha ndugu Wright wa Marekani. Mwaka 1878 baba yao aliwaletea kichezeo kidogo cha kupaa kilichozungushwa kwa mpira uliosokotwa, kilichofuata ubunifu wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Wilbur alikuwa na miaka 11, Orville 7. Walikichezea mpaka kikavunjika, kisha wakatengeneza vyao wenyewe. Tarehe 17 Disemba 1903 waliruka kwa ndege yao yenye injini. Hiyo sehemu ya kuvunjika na kutengeneza chao muiweke akilini, maana tutairudia.

Lazima tununue rimoti kwanza?

Hapana, na tunawaomba sana msianze hivyo. Ndege ya rimoti mikononi mwa mtu asiyewahi kusawazisha hata ndege ya karatasi haimalizi asubuhi moja. Pesa imekwenda, mtoto amevunjika moyo, na mzee aliyetoa pesa hatotoa tena. Kikundi kinaweza kukaa miezi sita bila rimoti hata moja na watoto wasichoke. Rimoti zinazungumzwa chini, katika sehemu yake.

Mwanangu ana skuli, ana chuo cha Kurani, ana kazi za nyumbani. Huu si upotezaji wa wakati?

Ni swali la haki na tunalijibu kwa unyenyekevu. Hatuahidi kwamba mtoto atakuwa rubani. Tunachokiona ni hiki: mtoto aliyekuwa akikariri kwamba kani ina mwelekeo, sasa anaizungumzia kani huku ameshika bawa. Anapima, anagawa kwa tatu, anaandika alichobadilisha. Anajifunza kurudia jambo mara kumi bila ya kulazimishwa. Na ni saa mbili kwa wiki.

Kazi za fani hii nazo zipo hapa nyumbani. Mbali na ramani tulizozitaja, mashamba ya mpunga ya Cheju yamewahi kupigwa picha kutoka angani ili kutafuta mazalio ya mbu, na mwaka 2019 yakanyunyiziwa kwa droni dawa ya kuzuia viluwiluwi visikue. Mtu fulani alilazimika kujua kuzirusha.

## Siku ya kwanza

Tumeshawaita watoto. Siku ya kwanza tuwafanyie nini?

Hili ndilo swali tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu sisi wenyewe tulilikosea.

Mara yetu ya kwanza tulipeleka ndege nzuri ya mota, mabawa mekundu, kwenye kiwanja cha skuli moja. Watoto walijaa. Mwenzetu mmoja mzoefu akairusha, akapiga mizunguko, akaipindua kichwa chini, watoto wakashangilia mpaka sauti zikawakauka. Tukarudi nyumbani tukijipongeza. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Nilimuuliza mmoja wao wenzake wako wapi, akanijibu, "Si tushaiona, mwalimu." Alikuwa sahihi. Tuliwapa kitu cha kutazama, wakakitazama kikaisha.

Sasa tunafanya kinyume. Hakuna hotuba wala maonyesho. Kila mtoto anapewa kipande cha foamu, kiolezo cha kadibodi, kalamu na karatasi ya msasa. Ndani ya saa moja lazima awe amerusha ndege yake mwenyewe, hata kama inakwenda hatua tano tu na kuanguka. Jina lake analiandika kwenye bawa kabla hata gundi haijakauka, na anakwenda nayo nyumbani. Nyumbani wadogo zake wataivunja, na hilo si hasara, kwa sababu wiki ijayo anakuja nayo kuitengeneza. Mtoto harudi kwa sababu ya ile iliyoruka vizuri. Anarudi kwa sababu ana kitu chake kilichovunjika na anajua kuna mahali kitatengenezwa.

Msiite watoto wengi kuliko mikono yenu. Mkubwa mmoja kwa watoto sita ndio mwisho. Wakija thelathini na nyinyi mko wawili, wagaweni kwa zamu.

Vifaa tunavipata wapi? Hakuna duka la ndege za mfano hapa.

Halihitajiki kwa hatua ya mwanzo. Ile foamu nyeupe inayokuja ndani ya maboksi ya TV na mafriji, wenye maduka huitupa, ukiwaomba wanakuwekea. Ukipata vipande vyembamba vya nusu sentimita, vitumieni vilivyo. Ikiwa nene, mkubwa aikate kwa waya wa moto, nje kwenye hewa, kwa sababu moshi wake si mzuri kuvuta.

Uti wa bawa ni chelewa. Chagueni chelewa kavu iliyonyooka, ikwangueni kwa kisu mpaka iwe laini, kisha ilazeni kwenye mfereji mdogo mliouchora juu ya foamu. Ni nyepesi na haivunjiki ovyo, na kila nyumba ina fagio la chelewa. Bibi mmoja aliwahi kuja kiwanjani kulalamika kwamba fagio lake linazidi kukonda. Tangu siku hiyo tunachonga chelewa zetu wenyewe kutoka kwenye makuti.

Gundi nyeupe ya mbao inafaa. Supaglu ya kawaida inaiyeyusha foamu, kwa hiyo msiiguse. Mpira wa manati kila mtoto anao. Kwa uzito wa puani tunatumia sarafu na selotepu.

Vipimo vya ndege ya kwanza ni vipi?

Bawa la sentimita 40 kwa urefu na 8 kwa upana. Mwili sentimita 35. Mkia wa kulala sentimita 14 kwa 5, na wa kusimama nusu ya huo. Ncha za bawa ziinuliwe juu kidogo, kiasi cha vidole vitatu kila upande, ili ndege ikilala ubavu ijirudishe yenyewe. Makali yote yapigwe msasa yawe ya mviringo. Hivi si vipimo vya msahafu. Mtoto akitaka bawa refu zaidi, muacheni, halafu mumwulize limefanya nini.

Ndege yangu inapanda, inasimama, kisha inaanguka. Nyingine inachimba chini moja kwa moja. Kwa nini?

Uzito haujakaa mahali pake. Shika ndege chini ya bawa kwa ncha za vidole viwili, kimoja kila upande. Ikae sawa pale ambapo vidole viko kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Ikiinamia mkiani, ongeza uzito puani. Ikiinamia puani, punguza.

Kisha irushe. Usiirushe juu kama unapopoa embe. Isukume mbele, sawasawa na upeo wa macho, pua ikielekea upepo unakotoka, na mkono uende taratibu. Ikipanda ikasimama ikaanguka, ongeza uzito kidogo puani, au kunja ukingo wa nyuma wa mkia wa kulala uelekee chini, kiasi cha unene wa kucha. Ikichimba, kunja ukingo huo huo uelekee juu. Ikizunguka upande mmoja, tazama bawa kutoka nyuma: mara nyingi limejikunja, na kulinyoosha kwa vidole kunatosha.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Kuna binti wa miaka tisa ambaye huweka alama ya wino kwenye selotepu kila anaposogeza sarafu. Siku moja alisogeza mara kumi na moja. Aliilaza ndege kwenye vidole, akaitazama kwa jicho moja, akairusha, akaifuata, akarudi nayo bila kusema neno. Mara ya kumi na mbili ilitoka mkononi mwake, ikashuka pole pole kama jani la mkungu, ikapita mstari wa goli na kuendelea. Hakupiga kelele. Aligeuka tu kutazama kama tumeona. Tulikuwa tumeona.

Watoto wetu wanapenda vishada. Tuwaache na vishada au tuwahamishe?

Msiwahamishe, anzieni hapo hapo. Mtoto anayejua kutengeneza kishada kwa chelewa, karatasi na punje za ubwabwa, na anayejua kwamba mkia ukiwa mfupi kitazunguka kama kichaa, ameshajua nusu ya mambo yetu. Mwulizeni aeleze kwa nini kishada chake kinakaa juu. Atawaeleza vizuri kuliko kitabu. Siku upepo ukiwa mkali tunaweka ndege pembeni na tunarusha vishada, na hakuna anayeona siku imepotea.

## Kiwanja, upepo na ruhusa

Turushe wapi?

Kwa ndege za mkono, kiwanja chochote cha mpira kinatosha, mkishapatana na wenye mpira wao. Mwoneni Sheha mapema na mwalimu mkuu ikiwa ni kiwanja cha skuli. Kwenda kumwona kabla kunawaepusha na maneno mengi baadaye.

Pwani ya mashariki ya Unguja, kama Jambiani, maji yakitoka siku za bamvua mnapata uwanja ambao mwisho wake hauonekani, na hutoka katikati ya asubuhi, wakati mzuri kabisa. Lakini kule kuna mashamba ya mwani, na kina mama wako kazini wameinama. Msirushe juu ya vichwa vyao wala kukanyaga kamba zao. Tembeeni mpaka sehemu iliyo tupu. Na jueni saa ya maji kurudi.

Pemba ina vilima, na hiyo ni neema. Upepo ukigonga mteremko unapanda juu, na ndege isiyo na mota inaweza kukaa kwenye upepo huo muda mrefu. Tafuteni kilima cha majani kisicho na miti mbele yake, mrushe mkiuelekea upepo.

Saa ngapi upepo unakuwa mzuri?

Hapa kuna mvutano ambao kila kikundi kitakutana nao. Upepo umetulia asubuhi, na mtoto ana nafasi jioni. Siku za wiki asubuhi yuko skuli, mchana yuko chuoni, na akija kiwanjani baada ya laasiri upepo wa baharini umeshapata nguvu. Ndege ya gramu thelathini inapeperushwa kama karatasi, na mtoto anadhani amekosea yeye.

Sisi tumechagua Jumamosi, kuanzia saa moja mpaka saa tatu asubuhi. Walipokuwepo watoto wenye chuo asubuhi hiyo, tulikwenda kuzungumza na ustadhi wao, tukapatana wawe wanakuja Jumapili. Hakukataa. Alichotaka ni kuulizwa. Mwezi wa Ramadhani tunafanya kazi ya kutengeneza tu, kivulini, na kurusha tunakuacha mpaka baada ya Sikukuu.

Kwa mwaka mzima: Kusi ikishika, kuanzia Mei hivi, ni upepo wa kukaza, rusheni mapema sana au mkae ndani mkitengeneza. Kaskazi, Disemba mpaka Machi, asubuhi zake nyingi ni nzuri. Maleleji, pale Kusi imechoka na Kaskazi haijashika, ndiyo starehe yetu. Kipimo cha mkono mtupu: makuti yakitikisika ncha tu, rusheni. Mkisikia minazi inavuma, toeni vishada.

Tunahitaji kibali?

Ndege ya foamu ya kurusha kwa mkono ni kichezeo. Ruhusa ya mwenye kiwanja inatosha. Chochote cha rimoti ni habari nyingine. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo Unguja na Pemba tuko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo ina kanuni za vyombo vinavyoruka bila rubani ndani. Wasilianeni nao kabla ya kununua, si baada ya kukamatwa. Andikeni barua kwa jina la kikundi au skuli, mweleze uzito wa ndege, mahali na siku za kurusha.

Kiwanja cha ndege cha Kisauni kiko karibu sana na mji, na cha Pemba kiko karibu na Chake Chake. Kaeni mbali na viwanja hivyo na njia za ndege kutua, mbali na kambi za vikosi, mbali na majengo ya serikali. Ndege yenye watu ikionekana hata kwa mbali, tueni mara moja. Hatuna mzaha katika hili, na kijana asiyelikubali hashiki rimoti yetu.

## Kuwafanya wabaki

Wanakuja mara mbili tatu kisha wanaacha. Tunakosea wapi?

Jiulizeni mtoto anakuja kufanya nini. Ikiwa nusu ya muda amesimama anamtazama mkubwa, ataacha, na ana haki. Tazama tena yaliyotupata katika swali la siku ya kwanza.

Yaliyotusaidia ni machache. Meza ya matengenezo inafunguliwa kwanza, kabla ya kurusha, na anayekuja na ndege iliyovunjika ndiye anayehudumiwa mwanzo. Aliyejua jambo wiki iliyopita ndiye anayemfundisha aliyekuja leo, hata kama ana miaka minane. Mashindano tunayafanya kwa muda wa kukaa hewani na pia kwa ndege iliyotengenezwa mara nyingi zaidi na bado inaruka. Hili la pili linapendwa sana. Kuna ndege moja ina viraka vingi kuliko foamu yenyewe, na mwenyewe anaishika kama yai.

Na msimcheke mtoto ndege yake ikianguka. Mkubwa mmoja akicheka mara moja, watoto watatu hawarudi.

Mmoja wa wakubwa wetu haachii rimoti. Tufanyeje?

Mwiteni pembeni mseme naye kwa heshima, kwa sababu mara nyingi ni mtu anayeupenda mchezo huu kwa dhati na hakuwahi kupata nafasi utotoni. Mpeni saa yake, baada ya watoto kuondoka. Wakati wa watoto, kazi yake ni kusimama nyuma ya kijana na kutaja upepo unakotoka. Rimoti nyingi zinaweza kuunganishwa mbili pamoja, mwalimu na mwanafunzi: kijana anaendesha, mkubwa anashika swichi ya kuichukua ndege ikielekea kubaya. Mpangilio huo umetumalizia ugomvi kuliko nasaha yoyote.

Wasichana wanakaribishwa? Wazee wao watakubali?

Wanakaribishwa, na kwetu si wachache. Wazee hukubali wanapoona mambo matatu: mahali pa wazi ambapo kila mpita njia anaona, saa ya kumaliza inayoheshimiwa, na mwanamke mmoja angalau miongoni mwa wanaosimamia. Bila huyo wa tatu msishangae wakikatazwa. Mwambieni mama aje na mkeka wake akae. Akishaona mara moja, anamleta na mtoto wa jirani.

La usalama, kwa wote: ncha za ushungi, mikono mipana ya kanzu, mikufu, vyote vifungwe au vikunjwe kabla ya kusogelea ndege ya mota. Pangaboi halichagui.

Vijana wetu wako kwenye simu muda wote. Tutawatoaje huko?

Si lazima kuwatoa. Ziko programu za kujifunzia kurusha, za simu na za kompyuta, na baadhi ni za bure. Kijana akianguka humo mara mia hapotezi kitu. Jambo gumu kuliko yote kwa anayeanza rimoti ni pale ndege inapomjia, kwani kushoto inakuwa kulia. Hilo linafundishika vizuri kwenye kioo. Tunataka saa kumi za humo kabla ya kushika rimoti ya kikundi.

## Kuhamia kwenye rimoti

Ndege ya kwanza ya rimoti iwe ipi?

Ya foamu, bawa juu ya mwili, ncha zimeinuliwa, mota nyuma au juu ya bawa ili ikianguka kwa pua isivunje pangaboi. Isiwe na umbo la ndege ya kivita. Vijana wataililia hiyo ya kivita na nyinyi mtakubali, halafu itadumu sekunde nane. Taratibu na nzito kugeuka ndiyo tunayoitaka.

Washeni rimoti kwanza, ndege baadaye. Mkizima, ndege kwanza, rimoti baadaye. Kabla ya kila siku ya kurusha, mmoja aishike ndege na mwingine aichukue rimoti aende nayo mbali, akitazama kama mikia bado inatii.

Betri hizi za lipo, yaani lithiamu-polima, ni hatari kama tunavyosikia?

Zina hatari, na hatari yake inajulikana. Kila seli moja ni volti 3.7 kwa wastani; ikijaa ni 4.2, na isishuke chini ya 3.3. Ikiwekwa kwa wiki nzima bila kutumika, iachwe kwenye 3.8 hivi. Chajini kwa chaja yake maalumu, si ya kubahatisha, na mtu asiondoke ikiwa inachajiwa. Sisi tunaiweka ndani ya chungu cha udongo juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na magodoro. Iliyovimba haitumiki tena, hata ikiwa mpya, hata ikiwa ya mwisho mliyonayo. Na msiache betri ndani ya gari juani.

Ndugu yetu yuko Muscat, anaweza kutuletea vifaa?

Anaweza, baada ya nyinyi kumalizana na TCAA kama tulivyosema kwenye swali la kibali. Betri za akiba aziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku la chini, kila moja ncha zake zimefungwa selotepu. Betri ya volti 11.1 na milliampea-saa 2200 ni wati-saa 24 na kitu, na mpaka wa kawaida wa mashirika ya ndege ni 100. Hata hivyo aulize shirika lake.

## Yanayotokea mara moja moja

Ndege imenasa juu ya mnazi.

Msirushe mawe, na asipande mtoto yeyote, hata anayejisifu kwamba anaweza. Muiteni mkwezi mumlipe kama mngemlipa kuangua nazi. Ikiwa ni mkarafuu, muwe waangalifu zaidi, matawi yake yanakatika bila onyo. Tumieni upondo mrefu kutoka chini. Ikiwa hakuna njia, iacheni, upepo utaishusha.

Tuko Pemba, na msimu wa karafuu umeingia. Viwanja vyote vimetandikwa majamvi.

Basi pumzikeni kurusha. Watoto wenyewe wengi wako kwenye mikarafuu na familia zao. Ndege ikitua juu ya karafuu za mtu zinazoanikwa, hamtapewa kiwanja tena, na mtastahili.

Kunguru wanaishambulia ndege.

Mara nyingi wanaifukuza tu bila kuigusa, hasa wakiwa na makinda. Hamieni upande mwingine wa kiwanja. Ikiwa ni ya rimoti, tueni. Msijaribu kushindana nao.

Imeanguka baharini.

Foamu inaelea, umeme hauvumilii. Chomoeni betri mara tu mkiipata, osheni mota na nyaya kwa maji baridi ya kunywa ili chumvi itoke, kausheni kivulini siku mbili. Betri iliyozama msiichaji tena. Mtoto asiogelee kuifuata ikipita mwamba, waombeni wavuvi.

Kuna kijana anapenda kukaa nasi lakini hataki kurusha kabisa.

Asilazimishwe. Mmoja wetu wa namna hiyo sasa ndiye anayeweka daftari la muda, na ndiye pekee anayejua ndege ya nani iliruka sekunde ngapi tangu tuanze. Mwingine anachora mabawa ya wenzake. Mwingine anapenda kupiga msasa tu.

Mtoto ameacha ndege yake kwetu na hajaonekana miezi mitatu. Tuitupe?

Msiitupe. Jina liko kwenye bawa. Itundikeni ukutani mahali inapoonekana, na mwenzake wa mtaa mmoja ampelekee salamu kwamba ndege yake iko na bawa lake bado limekatika. Tulifanya hivyo kwa kijana mmoja wa Ng'ambo aliyekuwa amehamishiwa kwa bibi yake shamba. Alikuja Jumamosi moja na daladala ya kwanza, hakumsalimia mtu vizuri, akaishusha ukutani na kwenda nayo mezani. Upande wa kushoto bado haujakaa sawa. Anaushughulikia.